Datsun ya 1969 na saidi mira za kwenye fenda: kutoboa milango au kufufua za zamani?

Gari yenyewe ni Datsun ya 1969, sedani ya milango minne, usukani kulia, ya soko la ndani la Japani, kwahiyo saidi mira zake ziko kule mbele kwenye fenda, sio mlangoni. Mwenye gari alikuja na uamuzi tayari: vioo hivi havionyeshi kitu, vinatetemeka, vimezeeka, toa, toboa milango, funga hizi. Hizi anazosema zilikuwa replika mbili mpya za duara, kromu inawaka, bado ziko ndani ya boksi. Fundi bodi alishapima na kuweka alama mlangoni kwa penseli, amebakiza drili tu.

Nikamwambia, kaka, subiri kidogo, tundu la mlangoni ukishalitoboa halirudi bila kuchomelea, kupiga pati na kupaka rangi mlango mzima, alafu utabaki na matundu mengine kule kwenye fenda nayo yanataka kuzibwa. Kazi ya kubadilisha vioo inageuka kazi ya rangi ya paneli nne. Kabla hatujafika huko tujue kwanza kwanini vioo vya zamani "havionyeshi kitu", maana gari hii ilitoka kiwandani ikiwa navyo na watu wakaendesha miaka na miaka wakiona vizuri tu.

Maana kilichovipeleka kule mbele ni sheria. Japani hadi mwaka 1983 ilitaka vioo vya nje vikae kwenye fenda, ndo maana gari zao za ndani za miaka ile karibu zote ziko hivyo na modeli ileile ikiuzwa nchi za nje unaikuta na vioo vya mlangoni. Na sio kwamba ni wazo baya. Kioo cha kwenye fenda unakitazama kupitia kioo kikubwa cha mbele, hugeuzi shingo, macho yanatoka barabarani kidogo tu na kurudi, na mvua ikinyesha waipa zinakufutia njia ya kuona wakati wenzako wa vioo vya mlangoni wanahangaika na matone kwenye dirisha la pembeni. Ubaya wake upo pia na nitaufikia, siufichi.

Tukaanza kukagua. Saidi mira ya kushoto: kioo kina weusi umetambaa toka pembeni kuingia ndani, katikati pasafi, picha imetulia. Ya kulia, upande wa dereva: madoa meusi katikati, picha inatetemeka injini ikiwa imewashwa tu gari imesimama, na hata ukiitazama imetulia unaona kipande kidogo sana cha barabara. Zote mbili kromu imetoka vipele. Mwenyewe alikuwa anayaona yote haya kama tatizo moja linaloitwa uzee, ila ukiangalia vizuri upande wa kulia una ugonjwa ambao upande wa kushoto hauna, na gari ni ileile, umri uleule.

Hapo nikaomba rula ya chuma na fila geji, yaani yale majani membamba ya chuma yenye unene tofauti, ile ile ya kupimia nafasi ya valvu. Unalaza rula wima kwa ubavu wake kukatiza katikati ya kioo, kama kioo ni mbinuko, yaani kimetokeza katikati, rula itagusa katikati na kuacha mwanya pembeni huku na huku. Unaingiza majani ya fila geji kwenye mwanya, pande zote mbili zikiwa sawa, mpaka upate unene unaopita kwa kugusa kidogo. Kile kioo kina kipenyo cha sentimita 10. Kushoto mwanya ulikuwa milimita 1.25 kila upande. Hesabu yake ni rahisi: chukua upana wote kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya mwanya. 100 mara 100 ni 10,000, gawanya kwa 10, unapata 1,000, yaani nusukipenyo cha mbinuko ni mita 1. Tukahamia kulia. Rula ikalala chapa, hata jani jembamba kabisa halipiti. Kioo bapa. Mtu alishakibadilisha huko nyuma akaweka kipande cha kioo cha kawaida cha ukutani kilichokatwa duara.

Hicho ndo kiini cha kesi yote hii na nataka nikae hapo kidogo maana watu wengi wanaofufua gari za zamani wanapita hapa bila kuona. Kioo kikiwa na sura ileile na kipenyo kilekile mtu anadhani kimekubali. Sasa angalia hesabu, jicho moja na kichwa hakisogei. Kioo bapa cha sentimita 10 kikiwa mlangoni, tuseme sentimita 60 toka jichoni, kinakupa pembe ya nyuzi kama 9 na nusu. Kipeleke kioo hichohicho kwenye fenda, mita 1.7 toka jichoni, inashuka hadi nyuzi 3 na kidogo, hapo unachungulia barabara kwenye tundu la ufunguo. Sasa weka kioo mbinuko cha mita 1 palepale kwenye fenda: nyuzi kama 15. Umbali wa mita 20 nyuma yako hiyo ni barabara ya upana wa mita 5 na ushee, wakati bapa palepale inakupa mita 1 na kidogo tu.

Kwahiyo mwenye gari alikuwa sahihi kabisa kwamba haoni kitu, ila kosa halikuwa la fenda wala la uzee. Na ukiendelea na hesabu unakuta zile replika zake mpya, ambazo nazo nilizipima na ni bapa, zikifungwa mlangoni zingempa nyuzi 9 na nusu, chini ya zile 15 ambazo gari ilikuwa nazo ilipotoka kiwandani. Angetoboa milango ili apate pungufu.

Ubaya sasa. Kioo mbinuko kinapunguza picha, na kikiwa mbali kinapunguza zaidi. Kwa vipimo vya gari hii gari iliyo nyuma mita 20 inaonekana kwenye fenda kwa ukubwa wa kama robo ya vile ambavyo kioo bapa palepale kingeionyesha. Ndo maana Marekani kwa mfano sheria yao ya vioo vya gari inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na cha abiria kikiwa mbinuko basi nusukipenyo kiwe kati ya milimita 889 na 1,651 na kiandikwe onyo kwamba vitu vilivyomo kwenye kioo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kile cha Datsun kiko ndani ya vipimo hivyo vya mbinuko. Lakini pikipiki ndogo kule mbele kwenye fenda inakuwa kidoa, na dereva asiyeizoea anaweza kuingia leni akidhani ana nafasi. Nilimweleza hivyo mwenyewe bila kupamba: umbali unausoma kwenye kioo cha kati cha ndani ambacho ni bapa, vile vya fenda vinakwambia kama kuna mtu, cha ndani kinakwambia yuko mbali kiasi gani. Ukishazoea macho yanafanya yenyewe.

Tuje kwenye kutetemeka. Kuna kipimo cha vidole ambacho hakihitaji kifaa: washa injini, iache iungurume gari imesimama, alafu bonyeza kitako cha saidi mira kwa nguvu pale kinapokaa kwenye bati. Picha ikitulia, tatizo liko kwenye kitako na bati. Isipotulia, achia, shika kichwa chenyewe kinachobeba kioo taratibu kwa vidole viwili, ikitulia hapo basi ni kiungo cha gololi, kile kinachoruhusu kichwa kugeuka, kimelegea au kichwa kizito. Sisi tulipata vyote viwili. Kubonyeza kitako kulipunguza nusu, kushika kichwa kukamaliza.

Kufungua kitako ndo ukaona historia. Raba ya chini imekauka imekuwa ngumu na kupasuka, maji yalikuwa yanapita, bati kuzunguka tundu limeliwa na kutu mpaka linabonyea kwa kidole, na kwa ndani badala ya bamba la kusambaza nguvu kuna washa ndogo tu imejichimbia kwenye bati. Unaweza kukaza hiyo nati mpaka mkono uume na bado shina litacheza, kwa sababu kinachocheza ni bati lenyewe.

Na uzito. Kile kioo cha ukutani kilikuwa na unene wa milimita 4, cha asili upande wa kushoto ni milimita 2. Kwa duara la sentimita 10 hiyo ni gramu kama 80 dhidi ya 40. Gramu 40 za ziada utasema si kitu, ila ziko kwenye ncha ya shina refu, na injini ya silinda 4 ikiunguruma kwenye raundi 700 kwa dakika inapiga mara 23 hivi kwa sekunde, shina lenye kichwa kizito kwenye bati laini linapenda kucheza polepole karibu na mapigo hayo hayo na hapo ndo mtetemo unaongezeka. Ray Harroun aliposhinda mbio za kwanza za Indianapolis 500 mwaka 1911 alikuwa na kioo cha kutazama nyuma kwenye gari yake ya Marmon, na inasimuliwa kwamba baadaye alisema kwenye ule uwanja wa matofali kilitetemeka hata hakuona chochote. Yaani shida hii ina umri sawa na kioo chenyewe.

Dawa ya kitako haikuwa ya ajabu. Fundi bodi, ambaye kufikia hapa alishaweka drili pembeni na kuikubali kazi kwa moyo, alikata sehemu iliyooza, akachomelea kipande kidogo cha bati jipya, akasafisha, praima, rangi. Bamba la ndani tukalikata kwa chuma cha milimita 2, pana kuliko kitako pande zote, likakunjwa lifuate mkunjo wa fenda maana bamba lililonyooka chini ya bati lililopinda linagusa kingo tu na halisaidii. Raba mpya ikakatwa kwa kufuata ya zamani kutoka kwenye shiti ya raba ya milimita 3. Upande wa kushoto tukafanya vilevile hata kama haukuwa unalalamika, kwa sababu raba yake ilikuwa imeshaanza kupasuka.

Kufungua skrubu za kichwani kunataka subira kuliko nguvu. Kichwa cha saidi mira za miaka ile mara nyingi ni aloi ya zinki iliyomiminwa, na skrubu ni chuma, vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja na unyevu vinaliana na kung'ang'aniana. Pitisha sumaku: shina likishika ni chuma, kichwa kisiposhika ni aloi. Mafuta ya kulegeza kutu, usiku kucha, alafu hewa ya moto ya kiasi. Moto wa gesi hapana. Aloi hii inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 380 na kitu za Selsiasi, chuma cha pembeni yake kingali hata hakijabadilika rangi, kwahiyo fundi kuchomelea aliyezoea chuma anaweza kugeuza kichwa kizima kuwa tone mezani kabla hajajua. Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu, atakayefungua baadaye atakuombea.

Sasa kioo. Upande wa kulia tulipokibandua kile kipande cha ukutani nyuma yake kulikuwa na silikoni nyeupe, na madoa meusi yalifuata mistari ya silikoni ilipopita, sawasawa kabisa, ungeweza kuichora. Hiyo ni silikoni ya asidi, ile ambayo ukiibana toka kwenye tyubu inanuka siki. Inapokauka inatoa asidi, na mgongo wa kioo ni tabaka jembamba la fedha, chini yake mara nyingi kuna shaba, alafu rangi ya kulinda. Kupaka fedha kwenye kioo kwa kemikali ni kazi ya Justus von Liebig, Mjerumani, mwaka 1835, na adui wa kioo hicho hajabadilika: unyevu na kemikali zinazopenya rangi na kuila fedha. Asidi ikifungiwa nyuma ya kioo ndani ya kava, yaani ganda la kichwa linaloshika kioo, haina pa kutokea, inapenya. Na aloi ya kava nayo inaliwa hivyohivyo. Silikoni ya kutumia ni ile isiyo na asidi, imeandikwa kwenye tyubu kwamba inafaa kwa vioo vya kujitazama, na hainuki siki. Ukinusa siki, weka chini.

Upande wa kushoto ule weusi wa pembeni ulikuwa na chanzo kingine. Chini ya kava kuna kitundu cha kutolea maji na kilikuwa kimezibwa na polishi iliyokauka ya miaka mingi. Maji yakiingia yanakaa, kingo za kioo zinalowa, fedha inaliwa kuanzia pembeni kwenda ndani. Waya mwembamba ulitosha kukizibua. Kila ukipaka polishi gari ya zamani kumbuka hicho kitundu.

Kioo kipya kilipatikana kwa njia ambayo naipendekeza kwa yeyote aliyekosa cha modeli yake: tafuta kioo mbinuko kikubwa zaidi, cha gari kubwa, kipime kwa rula na fila geji kwenye upana uleule wa sentimita 10 mpaka upate chenye mbinuko uleule, alafu mpe fundi vioo akikate duara. Vile tulivyopima mwanzoni vilikuwa na mwanya mdogo, yaani mbinuko mpole zaidi, tukaviacha, tukachukua kilichokaribia 1.25. Vikatoka duara mbili toka kwenye kioo kimoja, na hilo ni muhimu, kulia na kushoto vikitofautiana mbinuko gari ileile inaonekana iko mbali upande mmoja na karibu upande mwingine, dereva anachanganyikiwa bila kujua kwanini. Kingo zikasuguliwa kwa msasa wa maji, zikafutwa, zikapakwa vanishi pembeni kote kuziba njia ya unyevu, mgongoni ikabandikwa filamu ya plastiki ili kioo kikipasuka vipande visimwagike. Ukingo wa kava ukapashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka raba ya ndani ikalainika, kioo kikaingia kwa vidole, hakuna bisibisi iliyogusa.

Kwenye kromu tulibishana zaidi ya kote. Mwenye gari alitaka zipigwe kroming upya zing'ae kama zile za boksi. Vipele kwenye aloi ya zinki sio uchafu wa juu, ni zinki inayooza chini ya kromu na kuinyanyua, kwahiyo polishi hata ukisugua siku nzima inang'arisha kilima cha kipele tu. Kromu yenyewe ni nyembamba mno, chini ya maikroni 1 kwa kawaida, mng'ao na ulinzi mwingi unatoka kwenye nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli kuna shaba. Kupiga upya maana yake kuvua vyote hivyo, kuchimba kila kipele hadi zinki safi, kujaza, kulainisha, kisha shaba, nikeli, kromu kwa mpangilio huo, na ile shaba ya kwanza kwenye zinki haiwezi kuwa ya bafu la asidi, zinki italiwa humohumo ndani. Karakana isiyozoea aloi hii inaweza kukurudishia kichwa kimepoteza kingo zake kwa kusuguliwa. Na kemikali za kromu ni sumu inayosababisha saratani, sio kazi ya kujaribu uani na betri.

Msimamo wangu ulikuwa na bado ni huu: vipele vilikuwa vidogo, bampa na vishikio vya milango vya gari ile vina umri uleule na alama zilezile, saidi mira mbili mpyampya zingefanya kila kitu kingine kionekane kimechoka. Tukasafisha unga mweupe wa zinki kwa brashi laini, polishi ya kromu, alafu nta ngumu kuziba vishimo hewa isiendelee kula. Mashina, ambayo ni chuma, yalikuwa na kutu ya juujuu, karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa na kuloweshwa maji iliitoa na kromu ya chini ikabaki nzima. Mwenyewe aliangalia kwa muda, akasema "haya fundi, yaache hivyo, ila nikichoka nitayapeleka kroming". Sawa, ni gari yake, na kichwa kimoja hakipotezi kitu kikisubiri.

Kulenga kulifanyika yeye mwenyewe akiwa kitini, mkao wake wa kuendesha, mwingine anasogeza kichwa kule mbele kwa maelekezo ya mkono, mpaka ubavu wa gari ukaonekana ukanda mwembamba tu upande wa ndani wa kioo na upeo wa barabara ukapita katikati. Kiungo cha gololi kilikazwa kidogokidogo, kiwe kigumu kusogezwa na upepo lakini bado kinakubali mkono.

Baada ya kuendesha kwa muda nati za kitako zinataka kukazwa tena kwa sababu raba mpya inabonyea na kukaa, tulifanya hivyo na zikachukua karibu robo ya mzunguko. Upande wa kushoto umetulia kabisa. Wa kulia umetulia barabarani na gari ikiwa imesimama, ila kuna sehemu moja ya raundi wakati wa kupanda gia ambapo picha inatikisika sekunde moja hivi na kutulia. Nashuku raba za kushikilia injini, moja inaonekana imelala upande, na hiyo ndo itafunguliwa inayofuata. Zile replika zilirudi kwenye boksi lake na milango ya ile Datsun haina tundu hata moja.